Fundi, Umepima?

Lori lilikuwa limebeba mbao. Nalikumbuka vizuri kwa sababu nilikaa ubavuni mwake muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyopaswa kukaa ubavuni mwa lori kwenye Barabara ya Morogoro. Tulikuwa tumeshaipita Mlandizi. Mama alikuwa kiti cha mbele, kanga mbili zimekunjwa mapajani, tunawahi mazishi ya mama mkubwa, dada yake wa tumbo moja. Mbele palikuwa peupe. Nikawasha indiketa, nikatoka, nikakanyaga mafuta.

Gari langu ni Forester ya tabo. Aliyeniuzia alikuwa kijana mpenda mbio, na alishaongeza busti kabla sijalinunua. Kwa sekunde moja lilivuta kama kawaida yake. Halafu likaanza kukohoa. Likakata, likashika, likakata tena. Nilivyozidi kukanyaga ndivyo lilivyozidi kufa. Kwa mbali basi likatokea, linawasha na kuzima taa. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu," kwa sauti anayoitumia akiwa kwenye mswala.

Niliondoa mguu, nikarudi nyuma ya lori, basi likapita likipiga honi mpaka kifua kikatetemeka. Na gari, baada ya kuachiwa mafuta, likatulia. Likaunguruma vizuri kabisa, kama mtoto aliyevunja glasi kisha akakaa mkao wa kusoma.

Siku tatu kabla ya safari hiyo nilikuwa nimebadilisha plagi zote nne. Nilimuuliza fundi, "Ziko sawa?" Akanijibu, "Mpya hizo, dada, ziko poa. Wewe kaa kivulini." Akawasha gari, akapiga resi mbele yangu, injini ikaimba. Nikalipa, nikaondoka. Hakupima mwanya wa plagi hata moja. Mimi nina shahada ya takwimu, nalipwa mshahara kwa kuwaambia watu wasiamini kitu ambacho hakijapimwa, na sikumuuliza kama amepima.

Kwa hiyo haya ni maandishi ya ugomvi. Nagombana na yule fundi kidogo, na mimi mwenyewe zaidi, na wewe pia, kama una gari lenye tabo na unaweza kunitajia nguvu zake za farasi bila kufikiri, lakini hujui mwanya wa plagi zake.

Tuanze na kitu chenyewe. Plagi ina kijiti cha kati na mkono wa pembeni uliojikunja juu yake. Havigusani. Baina yao kuna mwanya, na cheche inayowasha mchanganyiko wa petroli na hewa lazima iuruke huo mwanya. Nguvu ya kuruka inatoka kwenye koili, ambayo inapokea umeme wa volti 12 za betri na kuukuza hadi makumi ya maelfu ya volti. Koili ina kikomo chake. Ikishatoa ilichonacho, haina zaidi.

Mwaka 1889 mwanafizikia wa Kijerumani, Friedrich Paschen, alionyesha kwamba volti zinazohitajika ili umeme uruke kati ya ncha mbili ndani ya gesi zinategemea mgandamizo wa gesi ukizidishwa na umbali wa ncha hizo. Kwa lugha ya Kariakoo: kuvuka Mtaa wa Msimbazi alfajiri ni kazi ya hatua chache, kuuvuka siku mbili kabla ya Idi ni kazi ya mabega. Mtaa ni uleule. Kilichoongezeka ni watu.

Sasa tabo kazi yake ni kuongeza watu mtaani. Ni pangaboi linalozungushwa na moshi wa ekzosi ili lisukume hewa nyingi ndani ya silinda. Busti ya bar 1 maana yake hewa inaingia ikiwa na mgandamizo wa karibu mara mbili ya hewa tunayoivuta hapa Dar es Salaam ufukweni, na bado pistoni haijaanza kuibana. Cheche iliyokuwa inavuka bila shida inakuta ukuta wa watu. Mafundi husema upepo wa tabo umeuzima moto, kama mshumaa. Mara nyingi ukweli ni mbaya zaidi: hakukuwa na moto wa kuzima. Cheche haikuruka kabisa.

Ndiyo maana anayeongeza busti hupunguza mwanya. Mtaa ukijaa watu, unaufanya uwe mwembamba. Kwa injini kama yangu, mwongozo wa kiwanda unataka milimita 0.7 hadi 0.8, na wanaoongeza busti hushuka kidogo chini ya hapo. Lakini huwezi kuubana unavyotaka. Mwanya mdogo mno unazaa cheche ndogo, na cheche ndogo ni mtoto wa moto: chuma baridi kilicho pande zote mbili kinamnyang'anya joto kabla hajakua. Gari linatetemeka likiwa limesimama, linawaka kwa shida asubuhi, linanuka petroli. Kuna ukomo wa juu na ukomo wa chini, na nafasi iliyo katikati ni ndogo kuliko unavyodhani. Tofauti ya 0.7 na 0.8 ni sehemu ya kumi ya milimita. Unene wa unywele, zaidi kidogo.

Ngoja nikuambie nilichokikuta Morogoro.

Baada ya mazishi, mjomba alinipeleka kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwarobaini. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuwasha gari. Alianza kufungua plagi, kazi ambayo kwenye Subaru ni ya kuomba dua, maana silinda zimelala ubavu na plagi zinaangalia pembeni, mkono unapita kwa kubembeleza. Alipoitoa ya kwanza aliifuta kwa kitambaa, akaisogeza mbali na macho yake, akasoma namba.

"Mwanangu, hii kumi na moja ya mwisho unaijua?"

Sikuijua. Akanieleza. Kwenye plagi za NGK, namba ikiishia na 11 maana yake imetoka kiwandani na mwanya wa milimita 1.1. Plagi hiyo ni nzuri kabisa kwa injini isiyo na tabo. Nyuzi zake zinaingia kwenye gari langu bila tatizo, urefu wake uleule, na ndiyo maana hakuna aliyestuka. Akatoa fila geji mfukoni, vile vibati vyembamba vilivyofungwa pamoja kama kisu cha kukunja, akapima zote nne mbele yangu. Tatu zilikuwa 1.1. Ya nne ilikuwa 0.9, huenda ilidondoka chini wakati wa kuingizwa, mkono wake ukajipinda, na aliyeiokota hakuona sababu ya kusema.

Kwa hiyo nilitoka Dar es Salaam na mwanya unaozidi unaotakiwa kwa karibu nusu ya kipimo chake, na busti ya kijana mpenda mbio, na mama yangu kiti cha mbele. Zingatia ubaya wa kosa hili. Gari lilikuwa zima kwenye foleni ya Ubungo. Lilikuwa zima Kibaha. Lilikuwa zima pale gerejini lilipopigwa resi, kwa sababu gari lililosimama halina mzigo, na tabo lisilo na mzigo halisukumi hewa ya maana. Mwanya mkubwa haukusumbui ukiwa umetulia. Unasubiri mpaka utakapohitaji nguvu zote kwa mara moja, yaani utakapokuwa unalipita lori, upande usio wako wa barabara. Kisha unakunyima.

Haya, mabishano ninayoyasikia.

La kwanza: "Plagi mpya inakuja imeshapimwa." Ni kweli, imepimwa. Imepimwa kwa ajili ya injini aliyoifikiria mtengenezaji, ambaye hajawahi kukutana na kijana aliyeongeza busti kwenye gari langu. Tena kutoka kiwandani hadi mikononi mwako imepita kwenye meli, ghala, boda boda na kaunta ya duka. Boksi limedondoka mara ngapi? Na humo Kariakoo mna plagi bandia ambazo boksi lake ni zuri kuliko zenyewe. Upya wa kitu si kipimo chake.

La pili, na hili linasemwa kwa kiburi: "Fundi mzoefu anapima kwa jicho." Nimeambiwa habari za mafundi wa majahazi wa pwani wanaojenga chombo kizima bila mchoro, kikavuka bahari. Nawavulia kofia. Lakini jicho lao linafanya kazi ambayo jicho linaiweza: kuona mkunjo wa mbavu za chombo, kuona ubao unaokataa kulala. Hata wao wana kamba na misumari ya kuwekea alama. Fundi muashi wa miaka thelathini bado anatundika timazi. Fundi cherehani ana futi shingoni tangu asubuhi mpaka magharibi na hakuna anayemwambia hajui kazi. Mama lishe hapimi chumvi, sawa, lakini anaonja. Plagi huionji. Hakuna jicho la mwanadamu linaloweza kusimama juani, jasho linatiririka, likatofautisha 0.7 na 0.8. Anayesema analo, anakuuzia imani.

La tatu ni la kwetu sisi wenye simu. "Nimesoma mtandaoni, jamaa mmoja anatumia 0.6, gari lake linaruka." Akili ya kuambiwa changanya na yako. Jamaa huyo ana koili gani? Busti yake ngapi? Petroli ya aina gani? Anaendesha wapi? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na tabo inaijua tofauti hiyo hata kama dereva wake haijui. Namba bila mwenyewe ni uvumi. Chukua mfano wa ubaridi wa plagi, maana injini iliyoongezwa nguvu mara nyingi inataka plagi inayopoa haraka. Kwa NGK na Denso, namba inavyopanda plagi inakuwa baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume, namba inavyopanda inakuwa ya moto zaidi. Ukinakili namba ya mtu bila kuuliza ni ya kampuni gani, unaweza kwenda upande usiokusudia ukiwa na uhakika wote.

La nne ni la hatari zaidi kwa sababu lina nusu ya ukweli: "Ikimisi, ziba mwanya." Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kijana mmoja wa Dar niliyempelekea plagi sahihi niliporudi aliushika msemo huo kwa mikono miwili. Nilimwambia kisa cha Mlandizi. Akasikia neno "ziba" tu. Akachukua plagi moja baada ya nyingine, akazigonga kwenye saruji, tak, tak, akaangalia juani, akaridhika. Asubuhi yake gari likawaka likitetemeka kama lina homa. Wakati huo nilikuwa nimeshanunua fila geji yangu. Bei yake haikuzidi sahani mbili za chipsi mayai. Nikapima. Moja ilikuwa 0.4. Nyingine 0.5. Mbili zilizobaki zilikuwa karibu na ukweli kwa bahati tu.

Yule wa kwanza aliacha mwanya mkubwa mno na huyu akauacha mdogo mno, lakini ugonjwa wao ni mmoja. Na kuna ubaya mwingine: kuziba mwanya kunaweza kuficha koili inayokufa. Cheche dhaifu ukiipunguzia safari itafika, utafurahi mwezi mmoja, na koili itaendelea kufa kimyakimya mpaka siku utakayokuwa mbali na nyumbani. Mwanya unarekebishwa ili uendane na injini nzima. Hautumiki kuzibia mdomo injini inayolalamika.

Hapa najua mtu atasema nawaonea mafundi. Anayelala chini ya gari ni wao, mimi nimekaa kivulini nikiandika. Kweli. Basi tuseme na hili. Fundi wa mtaani analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa. Sisi wateja tunasimama juu ya kichwa chake na simu mkononi: "Bado tu, fundi?" Tunabishana naye hela ya ufundi mpaka inabaki ya maji ya kunywa. Akitoa kipimo tunaguna, tunadhani hajui. Akikisia kwa sauti nene tunamwita noma. Tumewafundisha kwa pesa yetu kwamba kupima ni kupoteza muda na kujiamini ndiyo ufundi. Kisha gari likitukatia barabarani tunashangaa.

Na sisi tuliosoma tuna dhambi yetu ya ziada. Tumepita maabara. Tumeandika ripoti zenye nafasi tatu za desimali. Mkufunzi alitukata alama kwa kusahau kizio. Tukatoka na vyeti, tukaamua kwamba desimali ni za chuoni na mtaani panatosha "poa". Ukimuuliza rafiki yangu aliyesomea uhandisi kuhusu gari lake atakutajia ukubwa wa tabo, jina la programu iliyobadilishwa kwenye kontroli boksi, sauti ya ekzosi atakuigizia kwa mdomo. Mara ya mwisho kupima plagi? "Fundi ndiye anayejua." Fundi naye ukimuuliza, "Zimekuja hivyo." Elimu imekaa upande mmoja, mikono upande mwingine, na hakuna anayepima.

Sitaki kukuacha na lawama tupu, kwa hiyo hivi ndivyo inavyofanyika, na haihitaji shahada. Pima kila plagi, mpya au kuukuu, zote. Kuukuu hasa, kwa sababu kila cheche inakula chuma kidogo na mwanya unapanuka wenyewe kadiri kilomita zinavyokwenda. Plagi iliyokuwa sahihi mwaka jana si lazima iwe sahihi leo. Kibati cha kipimo chako kipite kwa kukwaruza kidogo. Kikipita huru, mwanya ni mkubwa. Kikigoma, ni mdogo. Unapinda mkono wa pembeni peke yake, polepole, kisha unapima tena. Kijiti cha kati usikiguse wala usikitumie kama egemeo, hasa kwenye plagi za iridiamu, ambazo ncha yake ina unene wa risasi ya penseli ya kubonyeza. Iridiamu inastahimili joto la zaidi ya nyuzi 2,400 bila kuyeyuka, lakini ukiikandamiza kwa pembeni inakatika. Kauri nyeupe ikipata ufa, plagi hiyo imekwisha hata kama inang'aa.

Na usinunue plagi ya 1.1 kwa nia ya kuipinda mpaka 0.7. Mzee wa Morogoro aliifanya kazi hiyo kwa sababu hakuwa na plagi nyingine na mimi nilitaka kurudi. Alipima kila moja mara mbili, kisha akaniambia, "Hizi zitakufikisha Dar, basi. Mkono ukipindwa sana hautazamani tena na mwenzake. Nunua zinazostahili." Hakutaka hela ya kupima. Alitaka hela ya kufungua na kufunga tu. Nilipomshinikiza akasema kupima ni sehemu ya kufunga, kama kunawa ni sehemu ya kula.

Ukishafunga, usiridhike na resi za gari lililosimama. Tafuta mpando mtupu, weka gia ya juu, kanyaga. Hapo ndipo injini inasema ukweli, na ni afadhali iuseme hapo, ukiwa upande wako wa barabara.

Siku hizi sikai kivulini. Nasimama pembeni ya boneti na kuuliza, "Fundi, umepima?" Wengine wananuna. Mmoja aliniambia nitafute gereji ya madaktari. Wengine wananyoosha mkono, "Lete hicho kidude chako," na baada ya plagi ya pili wananyamaza kwa namna ninayoifahamu, ya mtu aliyekuta kitu. Ninalipa hela ya ziada kwa muda huo, na silalamiki, kwa sababu ndiyo kazi niliyoiomba.

Mama hajui plagi ni nini. Hajui bar 1 wala milimita. Kwa miezi miwili baada ya Mlandizi alikataa kupanda gari langu, akawa anapanda daladala kwenda hata kanisani kwa jirani kwenye harusi. Mwezi uliopita ilikuwa arobaini ya mama mkubwa imeshapita muda mrefu na alitaka kwenda kuliona kaburi. Alitoka na kanga zake, akafungua mlango wa mbele, akasimama hapo bila kuingia.

"Umepima?"

Nikasema nimepima, zote nne, jana jioni.

"Ngapi?"

Nikamwambia sifuri nukta saba. Akatikisa kichwa kama mtu anayeijua namba hiyo tangu utotoni, akaingia, akafunga mkanda.